Jina Ambalo Nguma Hakuliandika

Kambi ya Wakoma, Misheni ya Namtende,
kwa njia ya Lindi, Tanganyika
8 Mei 1960

Kwa Da Margret,

Shikamoo, na Tumsifu Yesu Kristo. Mimi ni mzima wa mwili. Naomba karatasi hii iwakute nanyi hivyo, wewe na shemeji Elkana na mtoto, na Mama. Mguu wake umepungua kuvimba? Mwambie nimefika.

Meli ilichukua siku tano kwa kusimama simama. Tulikaa juu ya sitaha pamoja na mbuzi wa Mwarabu mmoja, na kule Tanga tukanyeshewa. Toka Lindi nikapanda lori la misheni siku mbili, juu ya magunia ya chumvi. Huku ni mbali, dada. Hakuna bahari, hakuna minazi. Ni miti, na barabara nyekundu, na baada ya barabara ni sisi.

Kila kukicha hugongwa kipande cha chuma cha reli kilichotundikwa mtini. Tunakwenda misa, kisha uji wa mtama, kisha kazi mpaka adhuhuri. Jioni ni rozari. Masista wako wanne, na mkubwa wao tunamwita Sista Mkuu. Wagonjwa wapita mia mbili. Wa kujitolea kutoka nje ni mimi peke yangu, na wananiita Fundi Mombasa, ingawa nimewaambia mara nyingi kwamba kwetu ni Changamwe.

Nilidhani nitajenga. Sivyo. Ukoma unaua mishipa, mtu hasikii mkono wala mguu. Anashika sufuria ya moto na nyama inaungua, yeye anaongea tu. Basi mimi natengeneza mipini ya mbao ya sufuria na vijiko. Nakata ndara za matairi zenye soli nene, maana mtu anaweza kutembea na msumari mguuni siku nzima asijue. Nachonga magongo. Na majeneza, tangu nifike nimeshatengeneza manne.

Chakula kipo. Nalala vizuri. Nisalimie katekista, na mwenye kinu cha unga, na kina mama wote wa pale bombani, na mafundi wenzangu, na mtoto umbusu. Sina jingine.

Mdogo wako,
Nguma

———

Changamwe
19 Juni 1960

Kwa Nguma, mdogo wangu,

Marahaba. Milele amina. Barua yako imetufikia juzi, imekunjika kama iliyokaliwa. Huku tu wazima. Mtoto ameota meno mawili ya chini na ananiuma. Elkana amepandishwa kazi pale reli, sasa anasimamia wanaounganisha mabehewa, na amekuwa mtu wa kutoa amri hata nyumbani. Mvua imeangusha ukuta wa jikoni kwa jirani. Mguu wa Mama una nafuu. Anasuka makuti kama kawaida, mtu akija kununua anamwonyesha kwa kidole yalipo, haongei.

Nilimsomea barua yako yote. Alikuwa anasuka, akaendelea kusuka. Nilipomaliza nikamwuliza, "Nimwandikie nini?" Akasema, "Mwambie tumeipata."

Darasa la misheni limekwisha kuezekwa. Waliletwa mafundi kutoka Likoni wakamalizia. Watoto wanasoma humo sasa, na mimi nikipita nawasikia wanavyoimba hesabu.

Nguma, umesalimia watu wote, hata mwenye kinu. Nimeisoma barua mara tatu nikitafuta jina moja na sikuliona. Mwezi wa kwanza tulimzika mdogo wetu. Ulilibeba jeneza mbele, bega la kulia. Padri anataka kuweka msalaba wa saruji juu ya kaburi na ameuliza kiandikwe nini. Wewe ndiye uliyekuwa naye siku ile. Sisi wengine tunajua neno moja tu ulilotuambia, kwamba Katana aliteleza. Andika, hata mistari miwili, nimsomee Mama. Nadhani ndicho anachongoja.

Elkana anakusalimu. Anasema ukija uje na asali ya huko.

Dada yako,
Margret

———

Namtende
28 Agosti 1960

Kwa Da Margret,

Shikamoo. Nimefurahi kwa meno ya mtoto na kwa cheo cha shemeji. Asali ipo, nitakuja nayo.

Kiangazi kimekaza. Maji tunayateka kisimani kwa zamu, na wasio na vidole huyabeba kwa mzega, ndoo mbili kwenye mti begani. Nilikuwa na homa wiki moja ikapita. Sista Mkuu amenipa kazi mpya, ya kukagua miguu kila asubuhi. Wanakaa safu kwenye benchi, wanaweka miguu juu ya kigogo, nami natazama nyayo moja moja: miiba, malengelenge, mahali palipopasuka. Wao hawawezi kujua mpaka mtu awaambie. Nikiona jeraha nasema, "Hapa," nao wanainama kutazama kama mtu anayeonyeshwa kitu cha jirani.

Yuko mmoja, Mwinyihaji, mshona kanzu wa Kilwa. Mikono yake ilianza kumharibikia akiwa kwenye cherehani. Ni Mwislamu, na anasema amekuja misheni kwa dawa, si kwa mahubiri, na Sista amemjibu kwamba dawa haiulizi. Ana maneno, huyo! Ndara nilizomtengenezea amezirudisha mara tatu, eti zimekatwa na mtu wa bara. Namwambia mimi wa pwani kama yeye. Ananiambia, "Wa pwani hawi mkimya hivyo."

Wiki iliyopita alilala karibu na moto, kaa likaangukia mguuni. Mimi niliingia kwa kusikia harufu. Yeye alikuwa anapiga soga na mwenziwe. Nilipolitoa kaa akautazama mguu, akaniuliza, "Limekaa sana?" Nikamwambia sijui. Akasema, "Afadhali lingeuma."

Kuhusu msalaba, andikeni jina na tarehe, yatosha.

Kuhusu siku ile sina la kuongeza. Nimekwisha sema.

Misa nahudhuria kila siku. Maneno ya sala nayasema yote, sikosei hata moja. Usiwe na wasiwasi juu yangu. Si huzuni niliyo nayo. Sina kitu chochote, dada, naamka, nafanya kazi, siku inakwisha.

Nguma

———

Changamwe
30 Oktoba 1960

Nguma,

Sisi hatujambo.

Nilimsomea Mama barua yako hadi pale kwenye msalaba. Niliposoma "jina na tarehe, yatosha," akainuka, akayaacha makuti chini, akatoka nje. Sijapata kumwona Mama akiacha kuti halijaisha.

Siku ulipoondoka hakuja bandarini. Wewe uliwaambia watu ni mguu. Mimi nilikuwa naye asubuhi ile, aliteka maji ndoo mbili kwa mguu huo huo. Nilinyamaza kwa sababu mlinyamaza nyote wawili. Nimechoka kuwa katikati. Hapa kuna mama asiyelitaja jina lako, na huko kuna wewe usiyelitaja la Katana.

Kuna nini? Nakuuliza kama dada yako mkubwa. Kama hutaki kujibu hilo, usiniandikie habari za ndara.

Margret

———

Namtende
4 Desemba 1960

Kwa Da Margret,

Shikamoo. Mawingu yamejaa na dereva anasema hili ndilo lori la mwisho. Mvua ikishika, barabara hufungwa mpaka mwezi wa nne. Basi naandika sasa, la sivyo sitaandika tena.

Jukwaa la kusimamia mafundi pale darasa la misheni nililifunga mimi. Boriti za mikoko, kamba ya makonge. Ijumaa nilipokuwa juu niliona kamba ya kona ya tatu imelika, nyuzi zimeachana. Kamba mpya ilikuwepo stoo. Ufunguo alikuwa nao katekista, naye alikwenda Rabai kwa msiba. Padri alitaka paa liishe kabla ya shule kufunguliwa Jumatatu, nami nilikuwa nimejigamba mbele ya mafundi wote kwamba litaisha. Nikasema moyoni, itachukua siku moja zaidi.

Jumamosi Katana akaja kunisaidia. Wenzangu walikuwa wamekwenda kunywa chai. Alipoweka mguu akaniuliza, "Kaka, mbona hii inalia?"

Nikamwambia, "Panda. Jana imenibeba mimi."

Akapanda, akainama kupokea bati. Nilikuwa chini, namwinulia. Kamba ikakatika. Alianguka juu ya mawe ya sakafu tuliyokuwa hatujayapanga.

Si hilo tu. Watu walikuja mbio, wakambeba hadi barabarani kutafuta gari la kumpeleka hospitali. Mimi sikwenda nao. Wewe ulifika ukanikuta nimepiga magoti pale darasani, ukadhani nasali, ukanishika kichwa. Nilikuwa nimepiga magoti kwa sababu nilikuwa nafungua kamba iliyokatika. Mdogo wangu yuko barabarani, damu inamtoka sikioni, na mimi ninafungua kamba. Ulipoondoka nikaitupa chooni. Nikafunga ile boriti kwa kipande kizima kilichotoka kona nyingine. Padri alipokuja kutazama, kila kitu kilikuwa sawa. Nikamwambia ameteleza. Nikawaambia ninyi. Nikawaambia matanga yote.

Padri wenu aliposema wenzake wa kusini wanataka kijana fundi wa kujitolea miaka miwili, watu walinisifu, wakasema msiba umenileta karibu na Mungu. Mimi nilitaka tu mahali ambapo hakuna anayejua sura ya Katana.

Nimeungama kwa padri wa huku. Alinipa kitubio na nimekitimiza chote. Hakikubadilika kitu. Nilingoja nilie, sikulia.

Msomee Mama. Usipunguze neno.

Nguma

———

Namtende
16 Aprili 1961

Kwa Da Margret,

Shikamoo. Barabara imefunguliwa wiki iliyopita. Mfuko wa barua umekuja, mkubwa, umekuwa na barua ya kila mtu hapa hata ya mpishi. Yako haimo.

Mvua hii tuliishi kwa muhogo mkavu na kisamvu. Nilitengeneza majeneza kumi na moja. Jeraha la Mwinyihaji liliingia mfupani na daktari alipopita alimkata mguu chini ya goti. Alipozinduka hakuuliza habari ya maumivu. Aliuliza, "Mguu wangu mmeuweka wapi?" Akanituma nimtengenezee kisanduku, uzikwe kwa adabu, si kutupwa. Nilikipima kwa mkono nikakitengeneza kwa mbao za sanduku la maziwa. Tuliuzika mimi na yeye, akiwa mgongoni mwangu, na akauombea dua. Sasa namchongea mguu wa mti na ameshaanza kuukosoa kabla haujaisha.

Kama hukupata barua yangu ya Desemba, niambie, nitaiandika tena. Kama uliipata, niambie vilevile.

Nguma

———

Changamwe
9 Mei 1961

Kwa Nguma, mdogo wangu,

Marahaba. Sote tu wazima. Mtoto anatembea. Elkana anazungumzia kuhamishwa, lakini bado.

Barua yako niliipata tarehe kumi na mbili Januari. Nilisoma nikiwa nimesimama, nikaketi chini, kisha nikaitia chini ya nguo zangu sandukuni na sikumwambia mtu, hata Elkana. Miezi mitatu, Nguma. Nilikuwa nikifua, naiona. Nikipita darasa lile, nazunguka njia ya nyuma. Nilikuchukia, usidhani sikukuchukia. Nilikumbuka nilivyokushika kichwa. Kisha nikawa sikuchukii wala sikuhurumii, nikawa napika tu na kufua. Ndipo nikaelewa ulichoniandikia juu ya siku inayokwisha.

Jumatatu ya Pasaka tulikuwa peke yetu mimi na Mama. Nikamwambia, "Nina barua ya Nguma, ya zamani."

Akasema, "Ile uliyoificha? Isome."

Nikaisoma yote. Sikupunguza neno. Mama alikuwa na kuti mapajani, mikono imelala juu yake. Nilipofika pale pa kamba kutupwa chooni nikaishusha karatasi. Akasema, "Endelea." Nikamaliza.

Akasema, "Najua."

"Unajua nini, Mama?"

"Yote hayo. Isipokuwa choo. Choo sikukijua."

Nguma, unakumbuka Katana alikaa hospitali siku mbili. Sisi tuliambiwa hakuzinduka. Alizinduka. Ilikuwa Jumapili asubuhi, mimi nilikuwa nimerudi nyumbani kuchukua kanga, na wewe ulikuwa nje. Alimwambia Mama, "Kamba ilikatika. Nguma alijua." Akaomba maji. Hakusema tena. Jioni akafa. Na siku ya kuzika Mama akakusikia ukimwambia kila anayekuja kuhani kwamba aliteleza.

Nikamwuliza, "Mbona hukumwambia mwanao kwamba unajua?"

Akasema, "Ningemwambia, angelia, angeniomba msamaha mbele ya watu. Na watu wangenitazama mimi. Ningelazimika kusema nimemsamehe, na nilikuwa sijamsamehe."

"Na sasa?"

Akaokota kuti, akaanza kusuka. "Bado," akasema. Alipopitisha ukuti mmoja akaongeza: "Mwandikie hivi. Barua nimeisikia kwa sauti yako, si yake. Mimi na yeye hatujaambiana kitu. Aje anieleze kwa kinywa chake."

Hayo ndiyo maneno yake. Mimi yangu sina, yameniishia.

Margret

———

Namtende
20 Desemba 1961

Kwa Da Margret,

Shikamoo. Nisamehe kwa ukimya. Barua yako ilifika Juni. Kila Jumapili nilichukua kalamu. Lori la mwisho kabla ya barabara kufungwa linaondoka kesho.

Najua hata Changamwe mlisikia habari za uhuru wa huku. Hapa kambini bendera mpya ililetwa na lori la chumvi. Sista Mkuu alinituma nitengeneze mlingoti. Wagonjwa wote walikuja, wengine wakibebwa kwa machela. Mwalimu wa shule alisoma karatasi, kisha akasema tupige makofi. Wengi hawana vidole. Walipiga kwa viganja vilivyokunjamana, kukawa na sauti ndogo kama ya mvua inayoanza, na hawakuacha kwa muda mrefu. Mwinyihaji alisimama juu ya mguu wake wa mti kwa saa nzima. Alipoketi akaniambia, "Haya, tumekuwa huru. Ndara zangu ziko wapi?" Mwenyewe ana mguu mmoja.

Nilimweleza yeye habari ya Katana. Sijui kwa nini yeye. Nilikuwa nampima mti mpya wa mguu, nikasema. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Na mama yako amekuita, na wewe uko hapa unapima mti wangu?"

Muda wangu unakwisha mwezi wa nne. Sista Mkuu ananitaka niendelee miaka miwili mingine. Nilikuwa nimekubali kabla ya barua yako. Nimemwambia nitakwenda kwetu kwanza. Hakuuliza kuna nini.

Nitakuja. Ninaogopa, dada. Naiandika kwa sababu ni jambo la kwanza ninalolisikia toka siku ile.

Nguma

———

Voi
25 Machi 1962

Nguma,

Hii naiandika kwa haraka, treni inaondoka nayo. Elkana amehamishiwa Voi na tumeshahama. Huku ni vumbi na upepo. Mama amekataa kuja. Tumemsihi mpaka Elkana akakasirika. Anasema, "Atakuja hapa, sasa asinikute?" Yuko nyumbani peke yake, jirani anamtazama.

Mimi nina mimba kubwa, siwezi kusafiri. Usiningoje. Nenda, na ukishakwenda, niandikie yaliyopita. Yote.

Margret

———

Changamwe
11 Juni 1962

Kwa Da Margret,

Shikamoo. Nimefika juzi, Jumamosi, kabla ya adhuhuri. Asali ya shemeji ninayo, nitaileta Voi mwenyewe mtoto akishazaliwa. Mama ni mzima, lakini amekonda, na jicho moja limeanza kufanya ukungu. Ulisema niandike yote, basi naandika.

Mvua ilikuwa inanyesha. Alikuwa barazani na makuti yake. Aliniona toka njiani, nikamwona ameniona. Hakuinuka. Nilipofika nikasema, "Shikamoo, Mama." Akaitika, "Marahaba." Akasogeza makuti, nafasi ikapatikana, nikaketi.

Nilikuwa nimepanga maneno toka Lindi. Yalinitoka yote. Nikaanza tu, "Mama, ile kamba niliiona Ijumaa." Nikaendelea hadi mwisho. Sauti yangu nilikuwa naisikia kama ya mtu mwingine anayesoma shauri. Yeye hakunikatiza. Nilipomaliza akauliza jambo moja.

"Kwa nini uliitupa?"

"Niliogopa."

"Ulimwogopa nani? Padri?"

"Wewe, Mama."

Akaitikia kwa kichwa kama aliyetarajia. Jirani akapita na mwavuli, akasalimu, tukaitika wote wawili. Alipokwisha kupita Mama akasema, na hakuwa ananitazama:

"Jumamosi ile hakutaka kuja kwako. Alikuwa na mpira na wenzake hapo Mikindani yetu. Aliniambia, 'Mama, mimi juu ya jukwaa naogopa, miguu inanitetemeka.' Nikamwambia, 'Mpira hauliwi. Nenda kamsaidie kakako.' Akavua viatu vya mpira, akaviweka mlangoni. Akaja kwako kwa sababu nilimtuma."

Sikujua hivyo. Nadhani nawe hukujua.

Akasema, "Alipozinduka aliniambia habari ya kamba. Nikashukuru. Unasikia, Nguma? Mtoto wangu anakufa, na mimi nashukuru kwamba kosa ni la mwingine. Ndiyo maana sikuweza kukutazama. Nilikuwa nikikutazama wewe najiona mimi. Ulipokwenda zako nikasema, afadhali."

Nilitaka kumwambia si kosa lake. Mdomo ulifunguka, neno likakataa, maana nikisema hivyo yeye naye itambidi aniambie vilevile, na lingekuwa jambo la adabu tu. Nikachukua kuti nikamsukia, vibaya. Akalichukua akalifumua, akalisuka upya.

Mchana alinipikia muhogo wa nazi na papa. Nilikula. Hakuuliza kama nimeshiba. Alasiri tulikwenda makaburini. Msalaba una jina na tarehe, kama nilivyosema. Tulisimama. Yeye alisali kwa sauti, nami nikaitikia. Sikulia, wala yeye. Nakwambia ukweli, dada, usije ukadhani yalimwagika. Njiani akaniuliza wagonjwa wa huko wanakula nini, na nani anawaosha, na huyo Mwislamu wa Kilwa kama ana mke. Nikamjibu kila kitu. Nikamwambia Sista Mkuu ananingoja mwezi wa nane. Akasema, "Utakwenda. Lakini mwezi wa nane bado."

Jana ilikuwa Pentekoste. Alivaa kanga yako ile ya kijani. Sikujua kama anataka twende pamoja, nikaketi nangoja. Akasimama mlangoni akasema, "Utachelewa." Tukatoka.

Mvua ilikuwa imekata, lakini ile njia ya nyuma ya landhi, zile nyumba za wafanyakazi wa reli, ilikuwa tope tupu, na mguu wake si wa kutegemea. Alijaribu peke yake hatua mbili tatu, akateleza kidogo, akanishika mkono. Tukaenda hivyo, polepole, mimi nikitafuta mahali pa kukanyaga na yeye akifuata. Watu walitupita wakienda misa, wakatusalimu.

Kisha tukatokea barabarani, pakavu. Nikalegeza mkono ili auachie. Hakuuachia. Tulikwenda hivyo hadi kanisani.

Mdogo wako,
Nguma